Sumaku Iliyoelea Nakwa

Mimi ni mwana wa Anselmi, mwana wa Teodori, mzee wa kanisa aliyelima Mbulu miaka arobaini bila kusogeza mpaka wa jirani hata kwa unyayo mmoja. Sisi si watu wa kutia chumvi.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, aliingia mjini Babati kijana aitwaye Sosthenes, mwenye ulimi laini na viatu vinavyong'aa. Akiwa mtaa wa Bagara alimsikia Mzee Pantaleo wa kijiji cha Nakwa akilalamika kwamba nguzo za umeme ziko mbali na mashine yake ya kusaga. Kesho yake akabisha hodi kwake, amebeba kigae cheusi, sumaku, na mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi kuliko barafu, aliouazima kwa mhimilishaji, yule apandikizaye ng'ombe mbegu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alimimina ile baridi juu ya kigae. Moshi mweupe ukatambaa mezani. Akaweka sumaku, nayo ikaelea hewani. Pantaleo alivua kofia kana kwamba yumo kanisani.

"Mzee, umeme ukiingia humu haupungui. Utasaga hadi wajukuu waote mvi! Nipe yule mtamba tu."

Tuwe waadilifu hata kwa mwongo: nusu ya maneno yake ilikuwa fizikia safi, kwa kuwa kigae cha namna hiyo kikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza chochote. Nusu ya pili ilianguka pamoja na sumaku, moshi ulipokwisha.

"Imechoka?" aliuliza Mama Joyness, mke wa Pantaleo.

"Inapumzika, mama."

Mtamba huyo, ng'ombe pekee waliyebaki naye, alizaliwa kwa mbegu iliyotoka katika mtungi kama ule. Mama Joyness alijua kwamba mtungi huo usipojazwa hukauka. Lakini mumewe alikwisha kushika kamba ya mtamba amtoe.

"Basi tumkabidhi kwa desturi," alisema Mama Joyness kwa upole, akamwita jirani, Mzee Alois, awe shahidi.

"Kijana, unampokea?" aliuliza Alois.

"Nampokea!"

"Utamlisha? Utamtibu?"

"Kama mama yangu mzazi!"

"Tumesikia."

Hayo ndiyo maneno ya kumweka ng'ombe malezini: mlezi hunywa maziwa, ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Na mtamba, kwa kuwa hajazaa bado, hana maziwa. Sosthenes alipofika mnadani na kutaja bei, Alois alikuwa amemtangulia pamoja na wazee watatu.

"Mwanangu, ng'ombe wa malezi hauzwi. Chagua: polisi na kigae chako, au panga ukakate majani."

Kiangazi kilikuwa kikali. Kila alfajiri Sosthenes alikwenda hadi kijiji cha Mutuka kutafuta majani, na Mama Joyness akayakagua mlangoni pa zizi.

"Haya ni makavu. Rudi."

Vijana, acheni kucheka, mnisikilize! Someni fizikia mpaka mwisho, na kabla ya kusema "nampokea", ulizeni mnapokea nini.