Karibu Tena, Bosi

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkosea mke wangu. Naanza na hilo kabla sijageuza maneno, maana najijua. Yeye kalala kwa kaka yake. Mimi niko hotelini, kitanda cha wawili, na mto wake unanukia mafuta ya nywele. Pumbavu zangu!

Lakini chanzo ni shemeji. Kaka yake anaishi mji huu wa kigeni miaka mingi. Mimi namwita Bwana Mwenyeji. Tangu tushuke kwenye ndege ni yeye tu: hapa wananijua, pale mwenye baa ni kama ndugu yangu. Na mke wangu anacheka! Juzi kamwambia, eti mwenzetu mwaka jana kiwanda kilimleta hapa mwezi mzima, mafunzo ya mashine za kushona magunia, na hata duka la maji halijui. Ni kweli. Mwezi mzima nilikula mkate na maziwa chumbani, saa mbili usiku nimelala. Lakini ndiyo aseme mbele ya yule?

Basi jana mchana nikaaga naenda kunyoa. Nikapita mgahawa mmoja na baa mbili, nikawapoza wahudumu kwa noti kidogo, nikawaambia: usiku nikija na mke wangu, nipokeeni kama mteja wa siku zote.

Mgahawani mambo safi. "Karibu tena, bosi!" Mke wangu kanitazama kama enzi za uchumba. Baa ya kwanza kinywaji kikaja kabla sijaagiza. Akanishika mkono juu ya meza! Tuna miaka ishirini na tatu ya ndoa!

Baa ya pili ndipo nilipokutana na shetani mwenye tai. Mhudumu mwembamba, kimbelembele, lugha yetu kaiokoteza kwa wateja. Maneno niliyompa hayakumtosha. Akatupeleka kwenye kona yenye giza, akafuta kiti, akasema, "Meza yako ile ile, bosi. Na yule dada wa gauni jekundu hajambo?"

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga, ningepona. Aliuliza tu, "Eti, Baba Watoto, hajambo?" Akabeba mkoba wake, akampigia kaka yake simu aje amchukue hotelini.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia mke wangu ukweli wote kwa simu. Kacheka kile kicheko chake cha puani. Eti mtu mzima ahonge wahudumu ili aonekane anajulikana? Nitafute uongo wenye akili. Yaani siku moja nasema kweli, ndiyo inakataliwa!

Nikamsihi twende baa, mhudumu aseme mwenyewe. Akaja. Nyuma yake Bwana Mwenyeji, mikono mfukoni kama hakimu. Nikamwambia yule mhudumu aseme kweli, alishawahi kuniona kabla ya juzi? Akamtazama mke wangu. Akanitazama mimi. Akanikonyeza! Mbele yao! Kisha mkono kifuani: "Mama, naapa, huyu mzee simjui. Na gauni jekundu sijaliona maisha yangu yote."

Shemeji akasema, taratibu, "Huyu umemfundisha vizuri, shem."

Nikamrukia mhudumu. Nikaishika tai yake, ikabaki mkononi. Kumbe ni ya kubana kwa klipu! Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Kesho kutwa tunaruka kurudi nyumbani, kasema kiti chake kabadilisha, hakai na mimi. Na tukifika, yeye anashukia kwa mama yake.

Jumamosi, 14 Juni

Sijalala. Nimekuta hereni za mke wangu bafuni, zile alizovaa siku ya harusi. Kumbe alizivaa usiku ule, akazivua hapa alipopita kuchukua nguo zake. Sikuziona. Nilikuwa nawatazama wahudumu.

Hasira zangu zote leo ni juu yangu. Naahidi: kesho Jumapili, kabla ya saa nne asubuhi, kabla teksi ya uwanja wa ndege haijafika, napiga magoti mbele ya mke wangu sebuleni kwa Bwana Mwenyeji, na shemeji mwenyewe akiwepo. Nitasema yote. Mkate, maziwa, kulala saa mbili kama kuku. Na hereni nitamvalisha mwenyewe. Mambo ya kupanga watu nimeacha, basi!

Nimemwomba tu dada anayefanya usafi hapa hotelini anisindikize. Atasema kanikuta nalia. Tumefanya mazoezi mara mbili, machozi anayaweza. Nikamwambia asije na nguo za kazi, avae za heshima. Ana gauni moja la kutokea, jekundu. Limempendeza kweli.