Smuthi ya Uenyekiti

Jumapili, 4 Mei

Leo nimetangaza rasmi. Nawania uenyekiti wa kamati ya kisima. Nilimtangazia mke wangu Mutindi akikaanga vitunguu. Akasema ni sawa, lakini kabla sijawa mwenyekiti niende nikateke maji, maana tangi limekauka.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mtaa wetu hapa Kitengela una kisima kimoja na mwenyekiti mmoja, na mwenyekiti ndiye hushika ufunguo wa pampu. Kwa miaka sita ameushika Githinji. Nyumba zetu zinapakana kwa ukuta wa nyuma. Yake inatazama kisima, yangu inatazama ng'ombe. Kwake bomba linamwaga, kwangu linakohoa. Githinji husema ni kwa sababu niko mwisho wa laini. Mtu hawi mwisho wa laini hivi hivi. Kuna aliyemweka.

Vita vya kwanza nimeshinda tayari. Daftari la wapiga kura huandikwa na Githinji, kwa hivyo nilisimama mkutanoni nikasema limejaa watu hewa. Watu wakapiga kelele. Daftari likafutwa. Tutatumia wino. Msimamizi ni Mzee Meitamei, ambaye aliwahi kusimamia kituo cha kura kule Isinya na bado ana chupa yake kabatini. Kanuni nimeiandika mimi, kwa mkono wangu: mtu yeyote mwenye rangi kidoleni amekwisha kupiga kura na hataruhusiwa tena, hata akilia. Mzee aliisoma mara mbili, akasema ni sheria nzuri. Githinji hakupinga. Alijua nimemweza.

Jumanne, 6 Mei

Utafiti. Githinji huwapa watu chai na mandazi kabla ya kila uchaguzi. Chai! Mtu wa siku hizi hashikiki kwa chai. Kwenye simu nimemwona mwanamke akisaga beri na maziwa lala, kikatoka kinywaji cha zambarau, kizito, chenye povu. Smuthi. Watu elfu tisini walikuwa wameipenda. Mimi nataka ishirini tu.

Nikampigia Kaveke, meneja wangu wa kampeni. Nilimteua kwa sababu ana ngazi yangu tangu Januari na anaona haya kunikatalia kitu. Aliuliza smuthi ni nini. Nikamweleza ni uji wa watu waliosoma. Akasema basi itengenezwe nyingi.

Nilienda Isinya kutafuta stroberi. Nikapata, nzuri, nyekundu, nikazifunga nyuma ya boda boda. Kutoka Isinya hadi hapa kuna matuta mengi kuliko nilivyokumbuka. Nilifika na jemu. Suruali ya kanisani imeharibika. Mutindi ameiloweka kwa maji aliyoazima kwa jirani, bila kusema neno. Nadhani ameanza kuniheshimu kama mgombea.

Jumatano, 7 Mei

Mungu yuko upande wangu. Mti wa Githinji umevuka ukuta wa nyuma, na matawi yote yaliyoko upande wangu yameinama kwa matunda meusi, yameiva, kuku wanajilia tu. Shuleni tuliambiwa ni forosadi. Hapa watu husema malberi. Beri ni beri. Nitamshinda Githinji kwa mti wake mwenyewe! Nilicheka peke yangu uani mpaka kuku wakatawanyika.

Alasiri Githinji mwenyewe akabisha kwenye geti, spana mkononi. Alisema amekagua laini na kuona valvu ya upande wetu imeshikwa na kutu. Dakika kumi tu ataifungua, na mama wa nyumba atapata maji kama wengine. Siku tatu kabla ya uchaguzi! Hongo mchana kweupe. Nilimwambia familia hii hainunuliwi kwa spana. Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Mutindi alikuwa amesimama mlangoni na mitungi miwili mitupu. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Si kila mwanamke hupata mume mwenye msimamo, na nadhani ndilo alilokuwa akiwaza.

Ijumaa, 9 Mei

Siku imefana. Wageni kumi na wanane, wote watu wa mwisho wa laini, wote wamechoka na Githinji. Nilikuwa na mabeseni mawili ya malberi, ndizi mbivu, ndoo ya maziwa lala na blenda ya Mutindi. Blenda ilizunguka mara moja. Stima ikapotea mtaa mzima.

Mtu mwingine angewarudisha watu nyumbani. Mimi nilipanda juu ya stuli nikatangaza kwamba smuthi ya asili huvurugwa kwa mikono, na kwamba katika uongozi wangu kila mwananchi atashirikishwa. Wakashangilia. Wakanawa, wakaketi kuzunguka mabeseni, wakachambua vikonyo, wakaponda. Kaveke aliingiza mikono hadi viwiko.

Mutindi alinivuta kando. Alisema kwao Machakos walikula malberi utotoni, na rangi yake haitoki kwenye ngozi kwa siku tatu, nne, kwa hivyo afadhali tutumie mwiko. Nikamwambia mwiko ni wa ugali. Yeye hakugusa hata tunda moja. Alipokea yake kwenye kikombe, akanywa, akakubali kwamba ni tamu.

Na ilikuwa tamu kweli. Nzito, chachu kidogo, ndizi ikija mwishoni. Watu walirudia mara tatu. Wakati wa kuondoka kila mmoja alinipa mkono na kuniahidi kura. Mikono yote ilikuwa ya rangi moja. Tangu nihamie hapa sijaona umoja wa namna hii. Leo nalala nikiwa mwenyekiti.

Jumamosi, 10 Mei

Nimedhulumiwa.

Tulifika saa tatu kamili, wote kumi na tisa, mimi mbele. Nikamsalimu Mzee Meitamei kwa Kimaasai, “Sopa,” akaitikia “Ipa,” akaniomba kidole. Nikampa. Akakitazama. Akavaa miwani, akakitazama tena, akauliza mimi nimepigia kura wapi. Nikasema sijapiga popote, hii ni malberi tu. Akatoa mfukoni karatasi yenye mwandiko wangu, akaisoma kwa sauti mbele ya mtaa mzima, mpaka pale pa “hata akilia”.

“Muteti, hii maneno ni wewe uliandika,” akasema. “Na kidole iko na rangi. Songa kando, kijana yangu.”

Nilimpa mkono wa pili. Huo ulikuwa mbaya zaidi. Kaveke akaja kwa kishindo, akamwambia, “Mzee, hii ni matunda. Onja tu uone.” Mzee akakataa kuonja kidole cha mtu mwenye watoto watatu. Wakafuata wengine. Mmoja alikuwa amejisugua kwa jiwe hadi akachubuka, lakini rangi ilikuwa palepale. Wote wakasongeshwa kando, tukasimama chini ya jua tukiwatazama watu wa chai na mandazi wakipiga kura.

Kisha Githinji akatoka kwenye foleni yake. Alisema yeye hana shida, mzee atuachilie tu, kila mtu anajua hatujapiga. Mzee alikuwa anaanza kulainika. Nikaona mtego. Nikasema kwa sauti kwamba sheria ni sheria na mimi siombi huruma ya mpinzani. Kaveke alinigeukia na uso ambao sijawahi kuuona.

Matokeo: Githinji ishirini na tatu. Muteti sifuri. Zilizoharibika, hakuna. Makofi. Kuna mtu alinikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kaveke ameondoka bila kuniaga, na ngazi hajarudisha.

Jioni Mutindi alisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ilibidi nimfafanulie kwamba kisima kile kilichimbwa na kontrakta, mimi nilikuwa bado sijahamia.

Jumapili, 11 Mei

Githinji alikuja asubuhi na spana nikiwa bado kitandani. Mutindi alimfungulia geti. Dakika kumi hazikuisha. Sasa bomba linatoa maji kwa nguvu, tangi limefurika, ua umelowa. Mshindi halali hawezi kuwa na haraka namna hiyo. Nimeandika: ushahidi wa kwanza.

Ushahidi wa pili ndio mzito. Nimekaa nikawaza mpaka nikaukuta. Mutindi alipiga kura. Kidole chake kilikuwa safi, na mimi mwenyewe nilimwona akitumbukiza karatasi yake, ameikunja mara nne kwa uangalifu. Mimi nimepata sifuri. Kwa hivyo kura ya mke wangu imeibwa ndani ya sanduku, macho ya watu wote yakitazama!

Nakata rufaa. Nitawaita wale kumi na wanane tena Jumamosi ijayo, waje watie sahihi, na lazima wapate cha kunywa. Lakini mtu mwerevu hujifunza kutokana na makosa. Malberi basi. Safari hii tutaponda bitiruti.

Nimemweleza Mutindi kwamba yeye ndiye atakuwa shahidi wangu mkuu. Atasimama mbele ya Mzee Meitamei na mtaa wote, aseme alimpigia nani. Ameinamia karai la nguo, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtetemeka. Maskini mke wangu. Kumbe wizi huu umemuuma kuliko mimi.