Maharage Chini ya Kijumba cha Wifi Fernande

Jumatano, 6 Agosti

Normand, aibu yako! Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ndevu kama ufagio, unapakia garini viti sita vya kukunja, redio na godoro la upepo, halafu unasahau sepetu! Nimemwambia hivyo hivyo mbele ya mkewe na watoto. Akanijibu eti, Mama, sepetu ya nini, tumekuja kupumzika. Ya nini! Miaka hamsini na minne tunakuja msitu huu, ziwa hili hili, na kila Jumamosi tunakula maharage ya shimoni, yaliyoiva usiku kucha chini ya udongo. Shimo halichimbwi kwa kijiko.

Nimeazima sepetu kwa askari wa msitu. Nimemwambia ni ya kufukia taka. Kijana mpole, kaamini.

Tuko tisa na kitoto kimoja, vizazi vinne. Wote tunalala kwenye mahema. Isipokuwa wifi yangu Fernande, dada wa marehemu Rosaire wangu. Yeye kaja na kijumba cha magurudumu, kinavutwa na gari. Kina kitanda. Kina televisheni. Kina choo! Mtu anakuja msituni na choo chake.

Jioni akatangaza. Mwaka ujao twende baharini kwa mkwe wake, nyumba ya vyumba sita. Eti mifupa yetu imechoka. Yetu! Aseme yake. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nimewaona. Itapigwa kura Jumamosi baada ya chakula, kama tunavyofanya siku zote: kofia ya Rosaire inazungushwa, anayetaka msitu anatumbukiza punje ya maharage, asiyetaka anatumbukiza kijiwe.

Bado hajamaliza. Jumamosi atapika maharage yeye. Kwa sufuria ya presha! Dakika arobaini tu, "ili wifi apumzike." Nitapumzika nikifa.

Rosaire alichimba shimo lake la kwanza hapa mwaka tuliooana. Sikuja na chungu cha chuma cha mama yangu ili nikitazame. Siendi baharini. Mtu akila maharage yangu Jumamosi, hatatia kijiwe. Kwa hiyo atakula yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikuiba. Nilikuwa napita. Sufuria ya Fernande ilikuwa imeanikwa kwenye ngazi ya kijumba chake, na mfuniko kando, na ule mpira mwekundu unaozuia mvuke umelegea wenyewe. Nikausaidia.

Kuuficha ndiyo kazi. Mfukoni haiwezekani, mjukuu wangu Odile ana miaka kumi na mikono yake inaishi kwenye mifuko yangu kutafuta peremende. Nikaivalisha kofia ya Rosaire mpira huo, kuizunguka, kama utepe. Ukakaa sawasawa! Nikaivaa.

Wakati wa chakula cha jioni Fernande kanitazama, kanitazama. Akasema, "Wifi, kofia imekupendeza leo. Utepe umepata wapi?" Nikamwambia mjini. Akasema na yeye atautafuta. Atafute.

Sijacheka hivi tangu mazishi ya shemeji yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Wote wameenda ziwani na mtumbwi. Nikasema miguu inauma. Walipopotea tu, nikasimama kama askari.

Shimo safari hii la siri. Mwaka jana Fernande alifunua "kuchungulia tu," joto likatoka, maharage yakawa magumu. Kwa hiyo nimechimba nyuma ya mahema, pale tambarare kwenye misonobari. Mawe chini na pembeni. Magogo ya mti mgumu, moto saa tatu nzima mpaka makaa mekundu. Maharage ya jicho la njano niliyoloweka tangu jana, nyama ya nguruwe ya chumvi, asali nyeusi ya miwa, kitunguu, haradali. Mfuniko, waya, chungu ndani, makaa juu, udongo juu. Nikatandaza majani makavu. Hata dubu asingejua.

Alama sikuweka. Alama ni ya watu wenye kusahau.

Nikaenda ziwani kuosha masizi. Nikakutana nao wanarudi, mawingu yamekuwa meusi. Nikakaa majini raha mustarehe. Niliporudi kambini, Ee Mungu! Fernande kalia kwamba mvua itamfikia bondeni, na Normand, mwanangu mtiifu, mtiifu kwa kila mtu isipokuwa mama yake, kakivuta kijumba mpaka kwenye misonobari. Kimekaa pale pale. Juu ya maharage yangu. Na Fernande yumo ndani, anatazama televisheni.

Nikamwambia Normand pale si pazuri. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna sisimizi. Akasema, "Mama, msitu mzima una sisimizi."

Ningesema ukweli? Fernande angecheka mpaka Krismasi. Sikusema.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Fernande katoka mlangoni anang'aa. Eti kwa mara ya kwanza tangu msimu wa theluji nyonga haijamuuma! Eti sakafu ya kijumba ilikuwa na joto usiku kucha, mkwe wake kaweka mtambo wa kupasha joto bila hata kumwambia, mwanaume gani huyo! Anamsifu mkwe. Kwa makaa yangu! Nilikunywa kahawa yangu na kunyamaza. Kunyamaza huko kumenizeesha.

Mchana kaanza kupika. Mpira hauonekani. Kapekua makabati, kapekua chini ya kitanda, kamsingizia hata kitoto. Kapika hivyo hivyo. Mvuke ukatoka pande zote, sufuria ikalia kama treni, na baada ya saa mbili yale maharage ungeweza kuyatia kwenye bunduki. Watu wakaanza kuulizia soseji. Wanangu, kwa soseji!

Hapo nikamwambia Normand mvua imepita, amrudishe shangazi yake karibu na sisi, anajisikia mpweke. Kafunga gari, kavuta. Gurudumu likatambaa mpaka juu ya shimo. Udongo ukafanya pfff. Kijumba kikainama kama mlevi. Sahani zikatoka dirishani. Fernande ndani anapiga kelele, "Normand, unaniua! Nimekubeba mgongoni wewe!"

Tukamtoa. Mzima, ana hasira, kashika televisheni. Wote wakachukua vya kuchimbia, kulinasua gurudumu: mabakuli, sufuria, Odile akashika sepetu. Ikagonga chuma. Ngwee!

Normand akasema wote warudi nyuma, huenda ni bomu la zamani, anakwenda kumwita askari wa msitu. Wakarudi nyuma. Nikawaona wanaelekea kwenye soseji. Nikafikiri vyumba sita. Nikafikiri Rosaire na mikono yake myeusi, anavuta waya, anasema, "Delvina, nusa."

Nikasema, "Bomu ni wewe! Hicho ni chungu cha bibi yako. Ondoa kiatu chako juu yake!"

Wote wakanigeukia. Odile tu ndiye aliyepiga makofi.

Mfuniko ulikuwa umebonyea, lakini umeshika. Nikaufungua mwenyewe. Harufu ile! Mekundu, laini, yamekunywa mafuta yote. Tukala tumekaa chini kukizunguka kijumba kilichoinama, na chapati zetu za ploye, na hakuna aliyeulizia tena soseji. Fernande kala sahani tatu. Nimehesabu.

Kisha kura. Kofia ikazungushwa. Ilipofika kwangu nikatumbukiza punje. Na nyingine. Mkono wangu ni mkubwa, nifanyeje. Normand akahesabu: punje thelathini na moja, vijiwe viwili. Watu tisa. Akanitazama. Nikasema labda Rosaire naye kapiga.

Fernande akachukua kofia kuikung'uta iwe tupu. Kidole kikanasa. Akavuta. Mpira ukarefuka, ukarefuka, ukamrukia usoni. Paa!

"Delvina! Kutwa nzima natafuta mpira, na wewe umeuvaa kichwani! Na mimi nakusifia!"

Nikatazama ziwa. Ziwa zuri sana jioni ile. Halafu nikasikia kicheko. Ni Fernande. Kacheka mpaka kakaa chini, kashika nyonga, na wote wakafuata, mpaka kitoto kikaanza kwikwi.

Kura ikarudiwa bila mimi. Punje saba, kijiwe kimoja. Msitu! Na Fernande katia punje, kasema wazi: nyumba ya vyumba sita haina sakafu ya namna ile. Kijiwe ni cha Normand. Mgongo, eti.

Jumapili, 10 Agosti

Askari wa msitu kaja na gari kubwa, kakivuta kijumba. Kauliza ile ndiyo taka niliyofukia? Nimempa bakuli la maharage. Kala, kaondoka.

Normand kaniweka chini kama mtoto. Anasema kura ya kwanza ilikuwa na vijiwe viwili tu, ningeshinda bila hila hata moja. Bila mpira, bila siri, bila kuzamisha nyumba ya mtu. Niape sitarudia. Nimeapa, mkono juu ya daftari hili. Lakini nani aliyepasha ile sakafu? Mimi. Nani aliyembadilisha Fernande? Mimi. Shule niliacha darasa la tano, ila hesabu hiyo naiweza.

Fernande kaniomba mwaka ujao nimpe shimo lake, apike chungu chake kando ya changu, tuone nani zaidi. Nimemkumbatia. Nimesema karibu, wifi yangu. Na mahali nimeshamchagulia, bondeni kule, panapotuama maji.

Odile, acha kusoma juu ya bega langu. Nenda kachukue sepetu kabla yule kijana hajaikumbuka, uifiche ndani ya hema. Na babako asikuone.