Sponji ya Mke Wangu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Shemeji amewasili saa nne asubuhi na masanduku mawili. Moja la nguo, jingine la dawa za kusafishia. Ni mdogo wake marehemu mke wangu. Muuguzi wa zahanati, miaka ishirini na saba kazini. Amechukua likizo ya wiki mbili ili, kwa maneno yake, aje kuniangalia. Nilidhani ataketi kochini aniangalie. Kumbe anaangalia nyumba.

Hakunywa hata maji. Moja kwa moja jikoni. Nikamsikia ananusa. Akatoka ameishika sponji ya vyombo kwa vidole viwili, kama aliyeshika panya kwa mkia. Akauliza ina muda gani. Nikasema si mrefu sana. Akauliza tena. Nikasema tangu Novemba.

Novemba tunaijua wote wawili.

Akasema kwa upole (na upole wake ndio unaotisha) kwamba sponji ni kitu cha wiki mbili, na ikianza kunuka mapema haingojewi kalenda. Akaitupa kwenye pipa. Akatoa mpya sandukuni, ya bluu, akaiandika tarehe pembeni kwa kalamu ya wino mzito.

Sikubishana. Nimetengeneza saa za watu miaka thelathini na mitano, kusubiri nakujua. Alipoingia kuoga nikaenda kwenye pipa. Ilikuwa chini ya maganda ya viazi. Sasa ipo kwenye droo ya meza yangu ya kazi, chini ya boksi la mikanda ya saa.

Niandike sababu, nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Asubuhi ile ya Novemba mke wangu aliosha vikombe viwili, changu na chake. Akaikamua sponji, akaiweka kando ya bomba, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka. Sponji ile ina kibonyeo upande wa kushoto. Ni dole gumba lake. Picha zake ninazo nyingi, ila katika picha zote anamtazama mpiga picha. Kibonyeo kile hakimtazami mtu. Kipo tu, kama yeye alivyokuwa.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Balaa. Nimefungua droo asubuhi, sponji imekauka, ngumu kama biskuti. Kibonyeo kimeanza kujikunja pembeni. Nimeilowesha kwa maji ya kwenye bilauri ikarudi, taratibu.

Nimeelewa sasa. Sponji isiyofanya kazi inakufa. Hii lazima iendelee kuosha vyombo.

Mpango: Shemeji amesema atakuwa akitoka kila siku saa kumi kunyoosha miguu. Dakika arobaini. Akifunga geti tu, naingia jikoni na sponji yangu, naosha vikombe vyote upya, narudi mezani na lenzi jichoni kama mtu aliyeshinda na kazi. Leo nimejaribu. Safi kabisa. Shemeji aliporudi akasifu vikombe vinavyong'aa. Akasema unaona, sponji mpya.

Nikasema naona.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mimi si mkaidi wa kijinga. Ananihubiria kila mlo na ninamsikia. Anasema sponji ikamuliwe mpaka tone la mwisho, isimamishwe ipate hewa, isilale kwenye maji machafu ndani ya sinki. Isifute damu ya nyama mbichi kisha ikafute sahani. Anasema ndani ya vile vitundu vidudu vinaishi kama watu mjini, ghorofa juu ya ghorofa.

Basi nikaamua kuwahamisha wapangaji. Saa kumi na dakika tano niliichemsha. Sufuria ndogo, mfuniko juu. Shemeji akarudi mapema, kiatu kimemuuma. Akauliza ninapika nini. Nikasema mayai. Akasema vizuri, hata yeye ana njaa, akavuta kiti akakaa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye meza ya jikoni, mwanamke ameshika kijiko.

Nikamwambia mayai haya ni ya kuchemka sana. Akasema atangoja. Dakika ishirini na tano. Mwishowe simu yake ikalia sebuleni. Nikaopoa sponji kwa uma, nikaitia mfukoni mwa suruali ikiwa ya moto hivyohivyo, nikatumbukiza mayai mawili. Paja langu lina wekundu wa umbo la mstatili.

Mayai yalikuwa mabichi katikati. Shemeji akala yake, akasema dada yake aliwahi kumwambia kuwa siwezi kupika. Tukacheka. Ni mara ya kwanza nyumba hii kusikia kicheko tangu msiba. Kisha yeye akaacha kucheka, na mimi nikaacha, tukabaki tunayatazama maganda.

Aliponisaidia kutoa vyombo akasema, kama anayejisemea, kwamba kuchemsha sponji hupunguza vidudu, hakuvimalizi. Sijui kwa nini aliyasema hayo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku njema. Binti yangu amemleta mwanawe nimshikie, kwa kuwa ana mkutano kule shuleni anakofundisha. Mtoto ana mwaka na nusu. Tunamwita Tonge, na ukimwona huulizi kwa nini. Tangu msiba nimekuwa nikienda mimi kwao. Leo ndiyo mara ya kwanza yeye kuja hapa bila bibi yake mlangoni. Alizunguka vyumba vyote akitafuta. Alifungua hadi kabati la nguo. Akarudi kwangu akanionyesha viganja vitupu, kama anavyofanya chakula kikiisha.

Nilimpa maziwa kwenye kikombe chake chenye masikio mawili. Shemeji alikuwa matembezini. Nilikiosha kikombe kile kwa sponji ya bibi yake. Si kwa kusahau. Nilitaka. Nilijiambia hivyo bibi atakuwa amemhudumia mjukuu wake.

Akanywa chote. Akalala kifuani kwangu mpaka mama yake aliporudi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Binti amepiga simu saa moja asubuhi. Tonge anatapika na kuharisha. Shemeji alivaa viatu kabla sijamaliza kusimulia.

Zahanati anayofanyia kazi Shemeji. Benchi la mbao, ukuta wa kijani nusu na mweupe nusu. Wamemtundikia dripu. Mshipa ulitafutwa mkono wa kulia, ukakosekana, wa kushoto, ukakosekana, ukapatikana mguuni. Halii. Tonge, ambaye hulia akivalishwa soksi, halii. Midomo yake imekauka.

Shemeji anauliza maswali kwa sauti ya kazini. Amekula nini, lini, wapi. Binti anajibu. Mimi nimekaa mwisho wa benchi nikitazama saa ya ukutani, ambayo inachelewa dakika sita. Nikauliza kama wangependa niirekebishe.

Nilitaka kusema. Nilifungua kinywa mara tatu. Mara ya tatu muuguzi kijana akanipa maji.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Tonge amekunywa kikombe kizima cha maji ya chumvi na sukari na kumvuta pua daktari. Daktari akasema hiyo ni dalili nzuri. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya tangi la maji.

Niliporudi nikasema. Yote. Pipa, droo, saa kumi, mayai, kikombe chenye masikio. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama kweli.

Shemeji akasema haijulikani. Mtoto wa umri huo huramba sakafu, ugonjwa ungeweza kutoka popote. Lakini hakusema kwamba haukutoka kwangu.

Binti alikuwa ameshika mguu wa mtoto wenye plasta. Kisha akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba huwezi kuitupa. Ningekuja tukakaa nayo wote."

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Jioni nikaitoa drooni, nikaiweka mezani mbele ya Shemeji. Nikamwonyesha kibonyeo. Nikamweleza. Akaivuta kwake, akaivalia miwani. Akaigeuza mara mbili.

"Shemeji," akasema, "dada yangu alikuwa akibadilisha sponji kila wiki ya pili, Jumamosi. Alikuwa akinipigia simu kujisifu. Hii aliitumia siku tatu au nne. Wewe umeikamua miezi minne. Weka dole lako hapo."

Nikaweka. Likaenea kama saa kwenye kasha lake.

Nimeitupa mwenyewe. Pipa nimelipeleka mpaka nje ya geti.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Gari la taka limepita saa mbili. Nilisimama dirishani.

Tonge ametoka zahanati. Anakula, anatupa anachokula, anakiokota anakila. Mama yake anamfukuzia na kitambaa.

Nimeandika ratiba, nimeibandika ukutani juu ya sinki. Sponji: kukamuliwa kila baada ya kazi, kusimamishwa, kubadilishwa kila Jumapili ya pili. Nyama mbichi: karatasi, si sponji. Harufu: kutupa papo hapo, bila mjadala. Shemeji ameisoma akiwa amefunga mikono kifuani. Akasema ningekuwa mgonjwa wake angeniruhusu nirudi nyumbani.

Mchana tulikunja nguo za marehemu pamoja. Tulitumia masaa matatu kwa kabati moja. Kila gauni lilikuwa na habari yake, na habari nyingine nilikuwa sizijui, zilikuwa za kabla yangu. Shemeji amechukua sweta la kijivu. Aliomba kama mtu anayeomba maji, kisha akalivaa hapohapo, na jua lote lile.

Sikuwahi kumuuliza yeye analala vipi. Wiki nzima yupo hapa, sikuwahi. Alikuwa na dada mmoja.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Shemeji ameondoka saa tano. Kabla ya kwenda alisimama jikoni akanitazama nikitekeleza ratiba. Nikaichukua sponji ya bluu, nikaitupa bila kusitasita, nikafungua mpya, nikaandika tarehe. Akanipigia makofi mawili madogo. Kwenye gari akashusha kioo, akasema sasa anaondoka moyo wake umetulia. Nikasema hata mimi somo nimelielewa: marehemu hayumo ndani ya vitu, na kitu kilichoharibika kinatupwa. Nililisema vizuri sana. Binti yangu, aliyekuwa amembeba Tonge, akanifuta chozi kwa kanga.

Wote wameondoka. Nyumba imekuwa kubwa.

Nilipanda kwenye kigoda kuweka pakiti ya sponji juu ya kabati. Nyuma kabisa, mkono ukagusa chupa. Jemu ya nanasi. Kibandiko kina mwandiko wake: Oktoba. Shemeji hakupanda kigoda.

Nimeifungua. Juu kuna ukungu. Mwembamba, wa kijani, unapendeza kwa namna yake. Muuguzi angesema mambo mengi. Lakini muuguzi huzungumza kwa ujumla, na hili ni jambo la pekee. Hili si kama la sponji. Sponji niliikamua mimi. Jemu hii aliikoroga yeye, mwanzo mpaka mwisho, mimi nilikuwa mezani na saa ya mtu, nikimwambia afunge mlango harufu inanisumbua.

Nimekwangua ukungu. Nimekula kijiko kimoja. Kitamu, na kwa mbali kinawasha ulimi.

Nimekadiria. Vimebaki kama vijiko thelathini. Kimoja kila Jumapili, nitafika naye Oktoba tena. Tumbo linanguruma kidogo ninapoandika haya, ila hiyo ni njaa.

Shemeji amepiga simu kusema amefika salama. Akauliza ninaendeleaje. Nikamwambia jikoni kunang'aa.