Kandambili Mmoja, Si Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Profesa ametangaza vita, ijapokuwa yeye ameiita tathmini. Hadubini ya dirishani itapata mwenyewe Ijumaa. Mwenyewe huyo atabaki maabara na kuandika tasnifu yake. Atakayeshindwa atashushwa chini, kwenye chumba cha mabeseni, akahesabu viluwiluwi vya mbu hadi mwisho wa mwaka. Wagombea ni wawili: mimi na Fundi Saa, aitwaye hivyo kwa sababu baba yake alitengeneza saa, na mikono ikarithiwa. Baba yangu mimi alifundisha ngumi.

Kazi yenyewe: kumtoa kiumbe mmoja wa maji ya bwawa kutoka kwenye kigae cha kioo, akiwa hai, na kumweka kisahanini peke yake ili ajigawe. Tumepewa wale wenye umbo la soli, ambao hapa tunawaita kandambili. Mmoja, si wawili, kwani ukoo mzima sharti uwe na mama mmoja. Kifaa ni mrija wa kioo uliovutwa juu ya moto hadi ncha ikawa kama unywele. Nyuma yake mpira mwembamba, unaoshikwa kwa meno. Unafyonza kidogo sana. Nimefyonza mara arobaini na moja. Kisahanini hakuna mtu. Nakisia sita nimewameza. Hawana ladha, kwa kadiri ninavyoweza kuhukumu.

Fundi Saa kasema nisiwafukuze; niweke ncha mbele yao, niwangojee. Ushauri wa mshindani! Nimeukataa kimoyomoyo.

Jumanne, 4 Machi

Wazo. Tatizo si mkono wangu, ni mwendo wao. Dawa ya mwendo ni kuyafanya maji yawe mazito. Wifi yangu, ambaye tunaishi naye, ana kopo la jeli ya nywele.

Tone moja tu. Wakapunguza mwendo. Wakatulia. Wakatulia mno. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza kijiji kizima.

Jioni wifi akagundua kopo limepungua. Nikamweleza ukweli, kwani sayansi haina siri. Akanisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Na hao wadudu wako, wifi, wamesuka mtindo gani?" Mume wangu alicheka hadi akatoka nje.

Jumatano, 5 Machi

Nimetenda jambo lisilo la kitaaluma. Nililitafakari kwa pande zote, na bado nikalitenda. Fundi Saa alipokwenda kunywa chai, nilivunja ncha ya mrija wake. Milimita mbili tu. Mrija mpana hufyonza tone zima badala ya kiumbe mmoja.

Hoja yangu ilikuwa sahihi. Alifyonza tone zima, kandambili saba ndani. Akalitazama. Akaligawa katika vitone kumi juu ya kigae kisafi, akachungulia kimoja kimoja, na katika kitone cha nne alikuwamo mmoja, peke yake. Dakika tano! Akaja kunieleza kwa furaha kwamba ncha ilijivunja yenyewe, na kwamba riziki ya mtu haina mwizi. Akauliza kama anivunjie na wangu, dada. Nikamjibu kuwa napendelea njia ngumu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama tangu alfajiri hadi shingo ikasusa. Saa tano na robo kiumbe mmoja alisimama mbele ya ncha yangu na hakukimbia. Nikafyonza. Nikampuliza kisahanini. Yumo! Mviringo kiasi, rangi ya manjano. Haogelei, bila shaka ni uchovu wa safari. Nimempa maji ya majani makavu yaliyochemshwa, chakula chao. Nimemchungulia kila nusu saa. Hajatikisika. Wenzake wana kiherehere; huyu ana staha.

Yawezekana ninaona ninachotaka kuona. Nimeliandika hilo pembeni, kwa uaminifu, kisha nikaendelea kukiona.

Ijumaa, 7 Machi

Kisahani cha Fundi Saa: kandambili wanane, wote wa mama mmoja. Changu: mmoja. Profesa akainamia hadubini na kukaa muda mrefu. Nikamweleza tabia za kiumbe wangu: upole, subira, kutopenda makundi. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Mwanangu," akasema, "hii ni chavua. Imetoka kwenye ua."

Nikauliza kama hakuna tafsiri nyingine. Akasema hakuna. Nikauliza kama amezingatia uwezekano kwamba huyu wangu amelala. Fundi Saa akaanza kutafuta kalamu chini ya meza.

Hadubini ya dirishani imekwenda kwake. Hata hivyo Profesa ana huruma: nikileta kandambili mmoja hai Jumatatu asubuhi, nitabaki maabara kwenye hadubini ya kona, ile yenye skrubu iliyolegea. Nisipoleta, mabeseni. Fundi Saa akajitolea kunifundisha kesho, bure, bila hata kucheka.

Jumapili, 9 Machi

Jana Fundi Saa alinisubiri maabara hadi saa saba mchana, na mirija kumi aliyoivuta mwenyewe kwa ajili yangu. Alipopiga simu nilimshukuru sana, nikamwambia siwezi kutoka nyumbani.

Kiumbe wangu nimekuja naye huku nyumbani, kisahanini, pamoja na hadubini ndogo niliyoazima shule ya jirani. Profesa ni msomi, sibishi. Lakini yeye amemtazama kwa dakika tatu. Mimi hii ni siku ya nne.

Na leo asubuhi amenenepa. Nimepima mara tatu. Nikamwita wifi awe shahidi. Akasema hivyo ndivyo vitu vinavyofanya vikiachwa majini, hata maharage. Ni hoja nzito, na nimeiandika. Ila maharage nayo, yakiachwa, huota.

Kesho sitakwenda maabara. Mjamzito haachwi peke yake. Nimekwisha kuandaa kisahani cha pili, cha watoto.