Yubile Ni Mwaka Huu, Si Mwakani!

7 Oktoba 1991, Jumatatu
Hatari! Kibao cha kanisa letu hapa Kachibora kinasema 1942. Kwa hivyo yubile ya miaka hamsini ni mwakani. Uenyekiti wangu wa kamati ya kanisa unaisha Desemba, na anayefuata ni Hiram Wabwile. Ati askofu akija kwa yubile, Hiram akae karibu naye! Ati Hiram apulize pembe! Huyo hata chai akipuliza inamwagika.

8 Oktoba, Jumanne
Nimesoma Walawi 25 hadi macho yakauma. Mambo matamu! Waisraeli walihesabu miaka saba mara saba, na wa hamsini wakautakasa kwa pembe. Watumwa huru, shamba kwa mwenyewe, udongo upumzike. Nikahesabu kwa vidole, 1942 ukiwa wa kwanza. Wa hamsini ni huu! Wangu!
Nimemwambia mke wangu Rispah kwamba udongo upumzike, sipalilii sukuma wiki. Akasema sawa bana, na sufuria pia ipumzike.
Nimepalilia.

13 Oktoba, Jumapili
Kamati. Nikatoa hesabu yangu. Hiram akakohoa kama mhubiri, akasema mtoto haitwi wa mwaka mmoja siku anayozaliwa. Kanisa litimize hamsini kwanza, 1992. Akaongeza, "Mzee Jairus, si ungoje tu? Ama ni njaa ya keki?" Wakacheka. Hata mchungaji! Nikaapa kuleta shahidi.

16 Oktoba, Jumatano
Nimempelekea Kogo Chepkemei kilo mbili za sukari. Ndiye mama mkongwe wetu, alikuwepo ibada ya kwanza. Amekubali kuja kusema ilikuwa lini. Mimi mwenyewe sikumuuliza. Nilikuwa nakunywa mursik yake, maziwa ya kibuyu.

20 Oktoba, Jumapili
Kogo akasimama na fimbo. Akasema siku ile alikuwa na kitinda mimba wake Zachary mgongoni, wa wiki mbili. Zachary akatoa kitambulisho: 1938!
Na 1942 je?
"Hiyo ni mwaka ya kuezeka mabati," akasema Kogo. "Nyinyi mliuliza kibao, si mimi."
Yubile ilishapita, na hakuna aliyepuliza hata filimbi! Askofu haji tena. Mchungaji, kutuliza mambo, akasema tutaweka jiwe ukutani lenye jina la mwenyekiti wa mwaka ule wa yubile.

21 Oktoba, Jumatatu
Asubuhi nimefungua kitabu cha kamati. Mwenyekiti wa 1987: Hiram. Wa 1988: mimi! Nilikuwa mwenyekiti wa yubile na sikujua!
Ngoja. Kwa hesabu yangu ya Walawi, mwaka wa hamsini ni 1987. Kwa hesabu ya Hiram, kanisa lilitimiza hamsini 1988.
Nimetafakari. Nimeomba. Mtoto haitwi wa mwaka mmoja siku anayozaliwa. Jambo wazi kabisa. Sijui nani alikuwa anabisha.
Nimekimbia kwa mchungaji kumweleza kwamba Hiram alisema kweli tangu mwanzo. Nimemkuta Hiram ameshafika, Biblia wazi kwenye Walawi, anamhesabia mchungaji kwa vidole.