Godoro la Kuchimba Nafsi

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Siku kubwa! Asistenti wetu wa saikolojia chuoni ametupa kazi: kulinganisha nadharia mbili za nafsi. Ijumaa tunaeleza mbele ya darasa. Mimi nimepata ile ya wachimbaji: mtu anasukumwa na mambo ya utotoni yaliyozama ndani, wala mwenyewe hajui. Analazwa, anasimulia ndoto, nawe unayavua yaliyozama. Jirani yangu darasani, Bénit, kaangukiwa na ile nyepesi: msikilize mtu, mpokee alivyo, atakua mwenyewe. Masikini!

Nimesoma mpaka nywele zikanisimama. Kumbe ndani ya kila mtu wa Kalemie kuna ziwa zima!

Nimehamishia godoro letu sebuleni, pa kulaza wagonjwa. Ketsia, mke wangu, amerudi kutoka kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, akaliona, akanyamaza. Amevutiwa, nafikiri.

Jumanne, tarehe 7
Ketsia hasemi! Kalala mkekani, kaamka kashika kiuno, kaweka chai bila neno. Ukimya wa namna hii hautoki juu juu. Unatoka utotoni. Mgonjwa wa kwanza, na sijatoka hata nyumbani!

Nilimwomba ajilaze kwenye godoro anisimulie ndoto. Akajilaza, akakoroma papo hapo. Nikamwamsha nimuulize ameota nini. Kosa.

Jumatano, tarehe 8
Nimefuata utoto wake kwa mama yake, Mama Marceline. Heshima ya mkwe naijua: nilisimama barabarani, macho chini. Nikauliza, kwa sauti ya kumfikia, kama Ketsia aliachishwa kunyonya vizuri. Majirani wakatoka wote. Mama Marceline akajifunika kitenge usoni, akaingia ndani bila neno. Mama na binti, ukimya mmoja!

Bénit akanishauri niache kuchimba, nikae tu na mke wangu nimsikilize. Nilicheka sana. Nyumbani nikakuta sahani moja mezani, ya kwake. Kicheko kikaisha.

Alhamisi, tarehe 9
Nimejaribu dawa ya Bénit. Kwa siri. Ketsia anachambua ndagala, mimi nimefunga mdomo. Afadhali kupakua magunia bandarini!

Mara akainua kichwa, akasema. Sauti yake! Sikujua nimeikosa hivi. Machozi yalinitoka.

Alisema, “Mugongo inaniuma. Nataka matela yangu, njo ile tu.”

Nimeduwaa. Ukimya wote ule, halafu ombi la kwanza ni matela, godoro! Kitu laini, chenye joto, cha kumbeba mtu. Ni tumbo la mama yake! Nilimweleza polepole, kwa mifano. Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu.

Ijumaa, tarehe 10
Nilieleza vizuri mno. Nadharia ya kwanza inatafuta mtu alikotoka, ya pili inaamini anakoelekea. Nikatoa mfano wa godoro. Asistenti akavua miwani, akauliza kama mke wangu anajua nayasema haya. Bénit alipigiwa makofi. Wivu sina. Kidogo tu.

Kurudi nyumbani, sebule tupu! Jirani anasema Ketsia kapita nyuma ya pikipiki, kakumbatia godoro limefungwa kamba. Kaenda kwa mama yake.

Jumamosi, tarehe 11
Nimelala sakafuni. Kiuno kinauma. Lazima ni jambo la utotoni.

Bénit alikuja, akaketi, hakusema kitu. Nikajikuta nimemwambia yote: nyumba haina sauti, namtaka Ketsia wangu. Akauliza kwa upole kama nimefikiria kuomba msamaha tu, kwa kulichukua godoro. Masikini Bénit. Haoni chini ya maji.

Jumapili, tarehe 12
Baada ya misa nimefika kwa wakwe. Ketsia akatoka mlangoni. Akasema nikimwomba msamaha kama watu, anarudi leo hii. Moyo uliruka! Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikauliza tu, kwanza, godoro liko wapi. Akasema mama yake ndiye analilalia, chumbani kwake.

Chumba cha mama mkwe! Mahali ambapo mimi mkwe sikanyagi mpaka nizikwe. Godoro limerudi kwa mama! Nadharia nzima imesimama mbele ya macho yangu, na mimi Onésime nimeiona! Msamaha nikausahau kabisa. Nikamwomba Ketsia amuulize mama yake, mara moja tu, ameota nini juu ya godoro hilo.

Mlango ulifungwa kwa kishindo.

Kesho nitajibanza nje ya dirisha la Mama Marceline. Nasikia huwa anaongea usingizini.